Redio ya gari nililonunua kwa mzee wa Nyansurura ilivyopokea simu isiyo yangu

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni wa wale wa kusoma na kupita. Nyuzi za watu nimesoma miaka, kucheka nimecheka, ila kuandika huwa naona uvivu. Leo nimejikaza kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana, na kila nikimsimulia mtu ana kwa ana ananikatisha katikati na kuniambia "ungebonyeza hivi tu". Haya, leo nasimulia mpaka mwisho. Mtanikatisha kwenye comments.

Ni kweli tupu, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni nesi. Kwetu Njombe, kituo changu cha kazi kiko huku wilaya ya Serengeti, kata ya Kisaka, mwaka wa nne sasa. Kikurya nakielewa cha kazini tu: maumivu, damu, homa, sukuma, pumua. Nje ya hapo watu wananiteta mbele yangu na mimi natabasamu.

Sasa mwaka jana nikanunua gari. Gari dogo tu, la mkono wa pili, kutoka kwa mzee mmoja wa Nyansurura, tumwite Mzee Marwa. Ni bwana shamba mstaafu, mtu mstaarabu sana. Aliliuza kwa sababu macho yalianza kumsumbua na daktari akamwambia aache kuendesha kabla hajagonga ng'ombe wa mtu.

Siku ananikabidhi funguo alinionyesha kila kitu, mpaka mahali pa kuweka jeki. Mwisho akagonga redio kwa kidole.

"Hii aliniwekea binti yangu Bhoke, yule aliyeolewa Kerende. Alinipeleka mpaka Tarime kwa fundi. Inapokea simu yenyewe. Wewe unaongea tu, mikono yako iko kwenye usukani."

Nikamuuliza inavyotumika.

"Mimi sijui, mwanangu. Bhoke ndiye aliyepanga kila kitu. Mimi sijawahi kuigusa."

Tulicheka. Ningejua, ningemsimamisha pale pale nimuulize hilo neno "yenyewe" lina maana gani.

Wakuu, ile redio ilinitesa.

Ni zile za kioo cheusi, vitufe vidogo kama punje za mtama, na maandishi yanayowaka buluu. Ina Bluetooth, ina sehemu ya flash, ina kitufe kimeandikwa MODE ambacho kila ukikibonyeza unakutana na kitu kipya. Kitabu cha maelekezo kipo, ila kimeandikwa Kichina mwanzo mwisho. Rimoti ipo, haina betri.

Na ina sauti ya mwanamke ndani. Ukiunganisha simu anasema "Connected". Ikikatika anasema "Disconnected", kwa huzuni fulani hivi utafikiri amefiwa.

Nilihangaika wiki nzima, hatimaye simu yangu ikakubali. Nikawa napiga zangu nyimbo za kwaya kutoka Kisaka mpaka Mugumu, raha mustarehe. Simu zikiingia napokea kwa redio, naongea peke yangu barabarani kama kichaa. Nikajiona na mimi nimefika.

Tatizo lilianza Nyansurura.

Nilikuwa napitia kwa Mzee Marwa karibu kila wiki, kwa sababu mkewe, Mama Bhoke, ananiuzia maziwa mgando. Naegesha nje ya ua, hatua chache tu kutoka mlangoni. Sasa nikichukua maziwa yangu, nikiwasha gari tu, yule mwanamke wa kwenye redio anasema "Connected". Naangalia simu yangu: haijaunganishwa na kitu chochote.

Najaribu kuiunganisha, inakataa. Natoka pale, nikifika mbele kidogo kwenye mashine ya kusaga, "Disconnected". Baadaye kidogo simu yangu inaingia yenyewe kama hakuna kilichotokea.

Mara ya kwanza nikapuuza. Mara ya pili nikajiuliza.

Mara ya tatu nimekaa kwenye gari nasubiri chenji, redio ikaanza kupiga iritungu. Kwa wasiojua, ni kile chombo cha nyuzi cha Wakurya, kina sauti nzito inayokuingia tumboni. Mzee mmoja anaimba, anasimulia kitu, watu wanamwitikia. Mimi kwenye simu yangu sina wimbo hata mmoja wa iritungu. Flash sijachomeka. Nikafikiri ni kituo cha redio, lakini kwenye kioo imeandikwa BT, yaani Bluetooth.

Nilikuwa nimekodoa macho pale kama nasoma majibu ya maabara yasiyoeleweka.

Kazini nikawasimulia. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilinichanganya zaidi. Dereva wetu akasema huo ni mtandao wa Kenya, unavuka mpaka pale Sirari na kuingia mpaka kwenye vyombo vya watu. Mhudumu mmoja, mama wa hapa hapa, akasema gari linamkumbuka mwenyewe wa zamani. Hakuwa anatania. Alisema niliombee.

Mimi ni Mlutheri, mambo hayo siyafuati. Ila niseme ukweli, Jumapili iliyofuata nililiombea.

Kisha ikaja ile siku ya simu. Hii naomba muishike.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Nimeegesha kwa Mzee Marwa, Mama Bhoke ameingia ndani kunichukulia maziwa. Redio ikalia. Kabla sijajua nifanye nini ikawa imeshapokea. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika zote: "Hallo?" Halafu maneno ya Kikurya. Halafu tena "Hallo? Hallo?"

Namba iliyokuwa kwenye kioo siijui. Simu yangu iko mkononi, imetulia, hakuna anayepiga.

Wakuu, niliogopa. Sikujibu kitu. Nilishika kile kitufe cha kuzungusha nikapunguza sauti mpaka sifuri, nikakaa kimya mpaka maandishi ya simu yakapotea kwenye kioo. Mama Bhoke alipotoka na maziwa nikamwambia asante, nikaondoka. Sikumwambia lolote. Ningemwambiaje? Kwamba gari walilouza linaongea Kikurya?

Wiki hiyo hiyo nikaenda Tarime kwa fundi. Nikamweleza vyote, akanisikiliza kwa adabu kama watu wanavyowasikiliza wagonjwa wa akili. Akaunganisha simu yangu, ikakubali. Akapiga simu, ikalia vizuri. Akafuta simu yangu, akaiunganisha upya, ikakubali tena.

"Dada, hii redio ni nzima kabisa. Labda simu yako."

Nikarudi Kisaka na mkanganyiko wangu.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikuwa off. Nimefika kwa Mzee Marwa, gari sikulizima kwa sababu betri ilikuwa imechoka na sikutaka kuanza kutafuta watu wa kunisukuma. Pale nje hakuna mtu. Mlango wa nyumba uko wazi. Nikapiga honi kidogo, nikasubiri.

"Connected," akasema yule mwanamke.

Nikasema haya, tumeanza.

Haikupita dakika mbili ikalia. Ikapokea yenyewe. Safari hii hakukuwa na hallo. Kulikuwa na mtu anapumua. Kisha sauti ya mwanamke, ndogo, "Tata."

Hilo nalijua. Ni baba.

"Tata," akarudia, na baada yake maneno mengi ya Kikurya yanayokatika katika.

Mkono wangu ulikuwa tayari uko kwenye kile kitufe cha sauti. Nawaambia ukweli, nilikuwa napunguza kama siku ile. Ndipo katikati ya yale maneno nikasikia neno la damu. Lile silikosei, nimelisikia kazini kuliko jina langu. Na nyuma ya sauti yake nikasikia kitu kingine: mtoto mchanga analia. Kile kilio cha mtoto wa dakika chache, si wa wiki.

Mkono ukasimama.

Nikaongea na dashibodi. "Hallo. Mimi ni nesi. Nani mwenzangu?"

Akauliza kwa Kiswahili, polepole, "Baba yuko wapi?"

"Baba yupi?"

Kabla hajajibu, Mzee Marwa akatoka mlangoni kwa haraka, simu iko sikioni, anapiga kelele. "Hallo! Bhoke! Hallo! Sikusikii!" Akaja mpaka kwenye gari. "Sista, karibu, samahani. Simu yangu imeharibika kabisa. Binti ananipigia, inaonyesha tunaongea, lakini simsikii."

Na redio ikasema, "Tata."

Mzee akashusha simu. Akainama, akachungulia ndani ya gari, kiti cha mbele, kiti cha nyuma.

"Wewe sista. Binti yangu anafanya nini ndani ya gari lako?"

Mpaka pale bado akili yangu haikuwa imeunganisha simu yake na redio yangu. Nilichojua ni kimoja tu: kuna mwanamke aliyejifungua, yuko mahali, anavuja damu, na sauti yake inatoka kwenye mlango wa gari langu.

"Ingia, Mzee. Sijui imekuwaje. Ingia tu."

Akaingia. Nikamuuliza Bhoke maswali ya haraka. Alijibu kwa Kiswahili mwanzoni. Uchungu ulimshika alfajiri, akadhani ni mapema, tarehe zake bado. Mume yuko kazini, simu haipatikani. Mama mkwe ameenda msibani. Mtoto ametoka sasa hivi. Kondo la nyuma limetoka pia. Ila damu haikomi, imelowesha kanga ya kwanza na ya pili inaloa.

Niliposikia kanga ya pili, nikaanza kuhesabu dakika. Mama akivuja namna ile, unayo nafasi ndogo sana.

Nikachukua simu yangu nikampigia Neema. Huyu tumesoma naye chuo, yuko zahanati moja upande ule wa Nyamongo, karibu na Kerende. Akapokea mara moja. Nikamweleza, Mzee akataja nyumba ilipo, Neema akasema anachukua pikipiki na sindano za kukaza kizazi, na anaagiza gari la wagonjwa limfuate. Hiyo ni dakika ishirini kama barabara ni nzuri.

Dakika ishirini. Tukabaki mimi, Mzee na redio.

Nikaanza kumwelekeza. "Bhoke, lala chali. Weka mkono chini ya kitovu, usugue kwa nguvu." Kimya. "Bhoke?"

Akajibu kitu kwa Kikurya, kwa mbali.

"Anasemaje?"

Mzee alikuwa anaangalia mbele, hatazami redio, hanitazami mimi. "Anasema baridi. Ananiita mimi."

Nikarudia maelekezo. Hakuna jibu. Kila nikiongea mimi, kimya. Mzee akisema jina lake, anaitika. Nikaelewa kwamba Kiswahili changu hakimfikii tena. Mtu akifika pale anashika sauti moja tu, ile aliyoizoea tangu utoto.

"Mzee, mwambie wewe. Kila ninachosema, mwambie kwa Kikurya."

"Mambo hayo siyawezi. Mama yake yuko shamba kule nyuma ya kilima, ngoja nimfuate."

"Mama yake akifika tutakuwa tumechelewa."

"Sista, huyu ni binti yangu."

Alilisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Na mimi nilielewa, jamani. Huku baba haongei na binti yake habari za uzazi. Hata chumba alicholala binti aliyejifungua haingii hovyo. Sasa namwambia amtajie binti yake tumbo, kizazi, damu, ziwa, mbele ya mwanamke mwingine, ndani ya gari, kwa spika.

Nikamwambia, "Ndiyo maana anakusikia wewe."

Alivua kofia. Akaiweka kwenye magoti. Akageuza uso kuelekea dirishani, kabisa, mimi nikabaki naona kisogo chake. Kisha akaanza.

Alianza kupaza sauti kwenye spika ya mlango, nikamgusa bega nikamwonyesha kitundu kidogo kwenye redio kilichoandikwa MIC. Hakutaka kugeuka. Basi nikamwambia asigeuke, aongee tu kwa nguvu.

Mimi nasema, yeye anasema. Sugua chini ya kitovu mpaka pawe pagumu. Weka mtoto kwenye ziwa, anyonye. Ukiweza kukojoa kojoa hapo hapo ulipo. Jifunike, mfunike na mtoto. Usilale usingizi. Sauti yake mwanzoni ilikuwa inakwama kila neno. Baadaye ikatulia. Ikawa sauti ya mtu anayemtembeza mtoto gizani akiwa amemshika mkono.

Bhoke akawa anaitika. Moja moja.

"Muulize pamekuwa pagumu?"

Akauliza. "Anasema kama ngumi."

"Asiache. Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya."

Hapo katikati nikaona simu ya Mzee iko mkononi mwake, dakika za maongezi zinahesabu kwenye kioo chake, ndipo nikaelewa redio inaongea kupitia simu hiyo. Chaji asilimia tisa. Nikatoa waya wangu wa chaji. Hauingii. Simu yake ni ya pini ya zamani, wangu ni wa hizi mpya. Mzee akataka kushuka akachomeke kwenye sola ndani. Nikamshika shati.

"Usiende nayo! Ukiiondoa hapa simu itakatika!"

Wakuu, leo najua isingekatika. Angetoka nayo, sauti ingerudi tu kwenye simu yake, angeweka sikioni, angeongea na binti yake kama kawaida. Kwenye ile simu palikuwa na alama kabisa ya kuchagua sauti itokee wapi. Lakini siku ile sikujua. Niliogopa kugusa kitufe chochote, niliogopa kuzima gari, niliogopa hata kufungua mlango. Niliishikilia ile redio kwa macho kama mtu anayebeba maji kwenye viganja.

Tisa ikawa saba. Saba ikawa tano.

Kuna mahali Bhoke alinyamaza. Mzee akaita, hakuitika. Akaita tena. Mtoto alikuwa analia, kwa hiyo simu haikuwa imekatika. Mzee akageuka kwa mara ya kwanza, akaishika redio kwa mikono miwili, na akasema kitu kirefu kwa Kikurya ambacho mimi sikumwagiza. Sijui alisema nini. Sikuuliza, na mpaka leo sijauliza.

Bhoke akaitika.

Kisha tukasikia mlango, vitu vinaanguka, sauti ya mwanamke. "Nimefika. Nani yuko kwenye simu?"

Ni Neema.

"Ni mimi!"

"Kata simu, niache nifanye kazi."

Na mimi sijui simu inakatwa wapi! Nikabonyeza MODE, nikabonyeza kitufe cha namba moja, redio ikaongeza sauti. Neema anafoka kwenye spika zote nne. Mzee akaiangalia simu yake, akagusa alama nyekundu kwa kidole gumba. Ikakatika.

Tukakaa pale. Gari linanguruma. Mzee akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Baadaye akasema, "Nikamwite mama yake."

Baada ya muda Neema alinipigia. Damu imepungua, amechomwa sindano, gari la wagonjwa limefika, wanampeleka hospitali akaongezewe damu. Mtoto wa kike, mzima.

Mama Bhoke alifika anakimbia, miguu ina udongo wa shamba. Tukaingia wote watatu, tukavuka Mto Mara, tukaenda hospitali. Njiani redio nilikuwa nimeizima kabisa.

Tulimkuta Bhoke amelala, amepauka, chupa ya damu inaning'inia. Siku hiyo hakuongea sana.

Siku iliyofuata nilirudi kumwona, na hapa ndipo penye uzito kwangu.

Mama Bhoke alikuwa amempakata mjukuu, anamlaumu binti yake kwa upole, kwa Kiswahili kwa heshima yangu. Kwa nini hukutuambia siku zinakaribia? Ningekuja kukaa na wewe.

Bhoke akasema, "Nilipiga. Wiki tatu zilizopita, jioni. Nilimpigia baba nimwambie mama aje. Simu ikapokelewa, nikasema hallo, hallo, halafu kimya, mpaka nikakata mwenyewe. Nikajua baba bado ana hasira na mimi, hataki kunisikia. Nikaacha."

Kumbe walikuwa hawajaelewana tangu Krismasi, jambo la kifamilia tu. Na Mzee pale pale akasema, hapana, siku ile niliikuta simu imeshapokelewa, haina sauti, nilidhani wewe ndiye umenikatia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji.

Wiki tatu. Jioni. Hallo, hallo.

Ningeweza kunyamaza, wakuu. Hakuna ambaye angejua. Lakini nikaweka chupa chini nikawaambia. Kwamba ile simu iliingia kwenye gari langu. Kwamba nilimsikia akiita. Kwamba niliogopa nikazima sauti na nikaondoka na maziwa yangu bila kusema neno. Kwamba kama ningesema siku ile, mama angekuwa Kerende.

Mzee alitoka nje. Bhoke alifumba macho. Mama Bhoke alinitazama muda mrefu, mimi natazama sakafu.

Kisha akanyoosha mikono. "Mshike huyu. Mikono imechoka."

Nikampokea mtoto. Nikakaa naye kitandani kwa Bhoke mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Sijui kama huo ndio msamaha. Niliuchukua kama ulivyo.

Bhoke alipopata nguvu alikuja Nyansurura kupumzika kwa wazazi wake. Nilienda kumwona. Mzee alikuwa anamkwepa. Binti akiingia sebuleni, yeye anakumbuka ng'ombe. Mama Bhoke akaninong'oneza kwamba ni aibu ya yale maneno aliyoyasema kwenye gari.

Bhoke naye alikuwa ameliona. Siku hiyo nipo, akamsimamisha mlangoni, mtoto begani.

"Tata, mimi yale maneno siyakumbuki. Hata moja. Nakumbuka sauti yako tu, kwamba ulikuwepo."

Mzee akasema, "Ni vizuri." Akaenda kwa ng'ombe wake. Lakini jioni ile alikula nasi meza moja, na alimshika mtoto.

Bhoke ndiye aliyenifafanulia redio. Alikaa kwenye gari langu dakika tano. Ile redio inakumbuka simu zote zilizowahi kuunganishwa nayo. Simu ya Mzee, Bhoke alikuwa ameiweka iwe ya kwanza, na akawasha kitu cha kupokea simu yenyewe ili baba yake asihangaike na vitufe akiwa barabarani. Kwa hiyo kila nilipoegesha karibu na Mzee, redio ilimtambua na kunitupa mimi nje. Ile iritungu ilikuwa ni Mzee anasikiliza ndani kwake, halafu anashangaa simu imenyamaza. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mara mbili, akaambiwa ni nzima.

Bhoke akafungua orodha, jina la baba yake likatokea juu kabisa. Mimi nikasema tuliache. Baada ya yote yale, niliona kama ni dhambi kulifuta.

Mzee alikuwa amesimama dirishani. Akasema, "Futeni. Na mimi nina simu zangu ambazo sista hapaswi kuzisikia."

Mama Bhoke akauliza zipi hizo. Mzee akaenda kwa ng'ombe.

Tukafuta.

Basi wakuu, nilichojifunza. Ukinunua gari la mtu, usiishie kukagua injini na matairi. Ingia kwenye redio, futa simu za watu wote, zima hiyo ya kupokea simu yenyewe, na ujue simu inakatwa wapi na sauti inarudishwaje kwenye simu. Ukiuza gari, na wewe futa jina lako. Na kama kuna kitu hukielewi, muulize mwenye kitu kabla ya kuuliza watu kumi wasiohusika. Mimi niliuliza kila mtu isipokuwa Mzee Marwa, ambaye nilikuwa namwona kila wiki.

Ila kuna kimoja bado kinanichanganya. Nikiegesha mahali pengine, kwa mfano sokoni Mugumu, simu yangu ikiwa imeshaingia, simu ya mtu mwingine haiwezi kuinyang'anya. Sasa ile ya Mzee ilikuwa inaninyang'anya vipi hata nikiwa wa kwanza? Bhoke alinieleza, nikaitikia kwa kichwa, sikuelewa. Mafundi mliomo humu nielezeni taratibu, kama mnamweleza nesi.

Na waliowahi kuwekwa hewani na Bluetooth ya gari, leteni visa vyenu. Nimekaa.